Bi Opereta na Nyumba Iliyobadili Namba

Bi Opereta hakupenda simu. Mtu aliyekaa miaka mingi kwenye kituo cha simu cha Tanga, visikilizio masikioni, akiwaunganisha watu na watu, ungedhani akishaacha kazi atakuwa wa kwanza kukimbilia simu inapolia. Yeye aliitazama ikilia kama unavyomtazama paka wa jirani aliyeingia jikoni. Kisha aliipokea, akasema, "Sema," na ukianza kumuuliza habari za asubuhi alikuwa amekwisha kukata.

"Habari za asubuhi zinaulizwa uso kwa uso," aliniambia siku nilipolalamika. "Kwenye waya mtu husema shida yake. Nyuma yake kuna foleni."

Foleni yenyewe ilikwisha kutawanyika zamani. Lakini yeye aliiona bado, na aliiheshimu.

Tuliishi ukuta kwa ukuta, mtaa wa Nguvumali. Mtaa mzima ulimwita Bi Opereta, hata watoto waliozaliwa na simu mkononi na ambao hawakujua opereta ni nini. Mmoja aliwahi kuniuliza kama Opereta ni kijiji kilicho mbele ya Pongwe. Mimi kazi yangu ni kufunga intaneti majumbani na maofisini, kwa hiyo mtu alipopanda ukutani kwake kutundika vifaa, alikuwa ni mimi, na mambo yalipoharibika, aliyeitwa alikuwa ni mimi. Naandika haya kwa sababu hiyo. Ninayoyajua juu yake, sehemu kubwa niliyajua nikiwa juu ya ngazi.

Mtoto alikuwa naye mmoja, Twalib, mwenye kazi na familia Dar es Salaam. Mzee wake alipofariki, Twalib alitaka kumchukua mama yake. Mama hakutaka. Walivutana msimu mzima, mpaka wakaafikiana sebuleni, mimi nikiwa shahidi: Twalib angeweka kamera inayotazama kiti ambacho mama yake hukalia, na maadamu anamwona, mama angebaki kwake.

"Lakini siku nisipokuona, mama, naja na gari," alisema Twalib.

"Njoo nalo. Ulete na mchele."

Alicheka peke yake. Twalib hakuwa anafanya mzaha, na Bi Opereta alilijua hilo, maana mwanawe alipotoka tu aliniuliza, "Hicho kidude chako kinaaminika?"

Nikamwambia kinaaminika. Nilikuwa na haraka ya kusema hivyo.

Hapa lazima nieleze jambo kidogo, na kama hukuwahi kulielewa, usijali, si gumu. Nyumba yenye intaneti hupewa namba, ili watu wa nje waweze kuipata. Lakini namba ile si yake, ni ya kuazima. Ruta, yaani kile kisanduku chenye taa kinachoshika intaneti ya nyumba, kikizimika na kuwaka tena, kinaweza kupewa namba nyingine. Twalib aliye Dar, mwenye namba ya jana, anabisha mlango ambao leo si wa mama yake. Kamera aliyoinunua ilikuwa ya kizamani, haikujua njia nyingine ya kupatikana. Dawa yake ni jina. Unasajili jina mahali, kisha ruta unaipa kazi moja: kila ipatapo namba mpya, iende kwenye jina na kusema, mimi ni yule yule, sasa nipo huku. Twalib anaita jina, jina linamwelekeza kwenye namba ya leo.

Nilimweleza Bi Opereta hivyo hivyo. Alisikiliza huku anachambua mchele.

"Kwa hiyo umeajiri opereta."

"Ndiyo, Bi."

"Ana masikio?"

"Hana. Anaarifiwa tu."

"Asipoarifiwa?"

"Anabaki na habari ya zamani."

Alipeperusha ungo. "Basi huyo si opereta, mwanangu. Huyo ni ubao wa matangazo."

Alikuwa na haki ya kusema. Katika ile miaka ya dhiki, sukari inatafutwa kama dawa na sabuni inakatwa vipande kwa uzi, simu Tanga zilikuwa chache na simu ya mbali ilipitia mkononi mwake. Watu walikuwa na desturi ambayo leo hakuna anayeikumbuka: mtu akitaka kusafiri, kabla hajaaga nyumbani kwake, humuaga opereta. Hupita dirishani kituoni na kusema, "Bi, nitakuwa Pongwe kwa mkwe wangu hadi Ijumaa, duka la pale lina simu." Au, "Nikitafutwa kutoka Mombasa, niko hospitalini na mgonjwa." Simu ikija, hakuiacha ilie kwenye nyumba tupu. Alisema, "Hayupo, nakufuatia," na kumfuatia mtu huyo mji mzima mpaka ampate. Hakuandika mahali. Alisema kuandika kunamfanya mtu aache kusikiliza.

Baadaye ukaja mtambo unaounganisha wenyewe, na baadaye kidogo yakaja yale mambo ya kupunguza watu kazini. Maopereta walikuwa wa kwanza. Nilimuuliza kama aliumia.

"Nilichoka," alisema. "Kuumia kulikuja baadaye, nilipokuwa napita njiani nasikia simu inalia ndani ya nyumba na mimi najua mwenyewe yuko Muheza."

Zilipokuja siku za ruksa, kila mtu akauza alichoweza. Yeye alifungua kibanda cha simu hapo hapo Nguvumali, simu moja ya mezani juu ya kitambaa cha kufuma, na kengele ya baiskeli. Dakika tatu zikitimia, alipiga kengele. Wateja walimlalamikia, kwani walikuwa wanalipa. Alipiga tu. Kisha simu za mkononi zikaingia, na kibanda kikafuata kituo. Kengele ilibaki. Ilikaa dirishani kwake, na mgeni aliyekaa mno alijikuta anapigiwa.

"Dakika zako zimekwisha," alisema, na mgeni alicheka akidhani ni utani, mpaka alipoona sahani zinaondolewa.

Usifikiri alikuwa mkali tu. Sahani zile zilikuwa zimejaa. Alikuwa bahili wa maneno na si bahili wa kitu kingine chochote. Mama Eliya, jirani yetu wa upande wa pili, mwanamke wa Lushoto aliyeshuka pwani na mumewe wakati wa mashamba ya mkonge na kubaki, alipata futari kwa Bi Opereta kila jioni ya Ramadhani, naye Krismasi alivuka njia na sinia.

"Huyu Mlutheri ananinenepesha," alilalamika Bi Opereta.

"Kula, Bi, unyamaze," alijibu Mama Eliya. "Sala utanisomea kesho."

Na kuhusu siri, hapo ndipo aliponichanganya. Habari za mtaani alizisambaza bila huruma. Nani kaoa, nani kakimbiwa, kuku wa nani kala mchicha wa nani. Lakini yale aliyoyasikia kazini, hata moja sikuwahi kulipata. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, Muislamu wa msikiti wa karibu na kituo, ambaye watoto wake walikuwa wamehamia mbali miaka ile. Alikuwa akija kituoni na kusubiri laini ya nje mchana kutwa. Watu wengine walimletea Bi Opereta sabuni wapate kuruka foleni. Aliwarudishia, na mtu mmoja alirudishiwa mbele ya watu. Huyo mzee hakuleta kitu. Alikaa tu. Siku moja laini ilipatikana, akaongea, akatoka analia.

"Aliambiwa nini?" niliuliza.

"Sikusikia."

"Bi, ulikuwa na visikilizio masikioni."

"Masikio yalikuwa ya serikali," alisema. "Yangu niliyaacha nyumbani."

Niliyakumbuka maneno hayo baadaye sana, nikajua kumbe yalikuwa jibu la swali ambalo bado sijauliza.

Kwa sababu kamera ilianza kutusumbua. Haikupita wiki Twalib akanipigia. "Fundi, simwoni mama." Nikaenda. Bi Opereta yuko kitini, mzima, anachonga viazi. Ruta inawaka. Nikarekebisha jina kwa mkono, picha ikarudi. Kesho yake, tena. Sauti ya Twalib ikaanza kubadilika. Akaniuliza kama barabara ya Tanga imekamilika matengenezo, na nilijua anauliza habari ya gari.

Ukikutwa na tatizo la namna hii, usianze na lililo gumu. Anza na umeme, kisha joto, kisha waya, mambo ya akili yawe mwisho. Nikabadilisha adapta. Bado. Nikaigusa ruta, nikaunguzwa. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kizuri, chenye maua pembeni, kimetoshea kona zote nne.

"Bi, umeifumia nguo?"

"Utaacha kitu uchi sebuleni? Redio ina yake, jokofu lina lake."

"Hii inapumulia juu. Ukiifunika inapata homa na kuzimika."

Alikivua kitambaa, taratibu, kwa majuto ya kweli. Tukakubaliana akiweke chini yake, kama mkeka. Nikashusha pumzi, nikaenda zangu. Jioni Twalib akapiga.

Jambo la pili lilinichukua siku kadhaa. Ruta ile ilikuwa haina betri ya saa. Kila ilipozimika, ilisahau mwaka. Ilipoamka iliamini tuko miaka mingi nyuma, ikaenda kwenye jina kutoa taarifa na kukataliwa mlangoni, kama mtu anayetoa kitambulisho kilichokwisha muda wake. Ilijaribu, ikakataliwa, ikakata tamaa. Na jina likabaki limeshika namba ya zamani. Nilimweleza Bi Opereta.

"Inasahau mwaka?"

"Kila ikizimwa."

"Hata mimi," alisema. "Lakini mie nikisahau nauliza."

Basi ndicho nilichofanya: nikaiagiza ruta, ikiamka, kwanza iulize saa, ndipo ipeleke taarifa ya namba. Ikawa inarudi yenyewe baada ya muda mfupi. Lakini kuzimika kukaendelea. Mchana, alasiri, magharibi. Nyumba yangu na yake zinatumia nguzo moja, na kwangu umeme upo.

"Bi, hapa kwako umeme unakatika?"

"Unakatika sana," alisema. Hakusema uongo.

Nikaamua kukaa nione. Nilibeba kompyuta yangu, nikaketi kwenye mkeka karibu na ruta, naye akaniletea chai na mihogo. Tukaongea ya kuku na mchicha. Adhana ya alasiri ikatoka msikitini. Bi Opereta akaweka kikombe chini, akashika magoti yake mawili kama anayabembeleza, akanyanyuka. Akapita mbele ya kamera, akapita mbele ya jokofu, akafika kwenye swichi kubwa ya ukutani, akaivuta chini. Nyumba nzima ikanyamaza. Taa za ruta zikafa mbele ya macho yangu.

"Bi! Kumbe ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Unayezima!"

"Nazima nyumba yangu. Umeme wa hapa ukirudi unarudi na hasira. Mwaka ule uliniunguzia jokofu la kwanza, na kupata jingine wakati ule hukupata hata kwa kulia."

"Mwaka ule ni zamani. Na jokofu umelipita tu, hukulichomoa. Kwa nini uzime saa za sala?"

Akaenda uani kutia udhu. Nilisikia maji, kisha kimya. Nilibaki na chai inayopoa, na nikiri kwamba nilichoka. Si kwa ruta, bali kwa kujua kwamba nimetafuta ugonjwa mahali pasipo na mgonjwa. Aliporudi alikaa, hakuwasha.

"Nitakuuliza," alisema. "Wewe ukija kwangu unafanyaje?"

"Napiga hodi."

"Nisipoitika?"

"Nasubiri. Nikipiga mara ya tatu kimya, naondoka."

"Na hicho kinafanyaje?" Alikinyooshea kidole kidude cha ukutani. "Kinaingia. Nimevua mtandio, kimo. Nalia, mume wangu nimemkumbuka, kimo. Nasujudu, mgongo wangu kwake, kimo. Mimi nimekaa kwenye laini za watu maisha yangu yote, na nilijua lini nitoe plagi. Twalib hajui. Hajafundishwa."

"Umemwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba mama yake hataki kuonwa na mwanawe? Atasikia hilo tu, kisha atakuja na gari."

Nilimwambia nimpigie Twalib mimi. Hakutaka, kisha akatikisa bega, na hiyo kwake ilikuwa ruhusa. Nikampigia Twalib, nikaweka simu juu ya mkeka ili sote tusikie. Nikaeleza kwa upole, kwamba ruta haina kosa tena, jina halina kosa, na kwamba mama anazima mwenyewe. Nikamweleza kwa nini.

Twalib akasema, "Yaani nipige hodi kwa mama yangu?"

Bi Opereta aliinama kwenye simu. "Baba yako alipiga hodi mlango huu mpaka siku aliyokufa. Na nyumba aliijenga yeye."

Twalib akacheka, kile kicheko cha mtu aliyeshindwa na hana kinyongo. "Haya, mama. Napiga kwanza. Ukiitika, ndiyo nafungua."

"Nisipoitika?"

"Nasubiri."

"Mara ya tatu?"

"Mara ya tatu nampigia fundi."

"Vizuri," alisema, akakata kabla hajaagwa. Akanyanyuka na magoti yake, akarudisha swichi juu. Tukaziangalia taa za ruta zikiwaka moja baada ya moja. Ilipotulia, alisema kwa sauti yake ya zamani ya kazini, ambayo sikuwahi kuisikia kabla, "Haya. Zungumza."

Ningependa kuishia hapo. Masika yote na kipupwe chote utaratibu ule ulifanya kazi. Swichi haikuguswa. Twalib alipiga, mama akaitika "Karibu," akaonwa akichambua mchele, dakika tatu zikatimia, akapiga kengele ya baiskeli mbele ya kamera. Jina lilifuata namba popote ilipokwenda. Nilijisifu kimoyomoyo.

Kisha siku moja Twalib alipiga, hakuitikiwa. Akasubiri, kama alivyofundishwa. Mara ya tatu akanipigia, nami nilikuwa Moa, mbali na mji, kwenye kazi, nikamwambia fungua tu, angalia. Akafungua. Picha ilikuja safi, haijakatika hata kidogo. Ilikuwa picha ya kiti.

"Kiti kipo kitupu," aliniambia. "Ametoka, bila shaka."

Hakuwa ametoka. Alikuwa uani, kando ya bomba, ameteleza na nyonga imevunjika, na kamera ilikuwa inatazama ilikoelekezwa. Nilimpigia Mama Eliya. Yeye hakupiga hodi hata moja. Aliusukuma mlango na kuingia akimwita. Nilipofika jioni nilimkuta amekaa sakafuni, kichwa cha Bi Opereta mapajani, wanasubiri gari la kuwapeleka hospitali, na Bi Opereta anamlaumu kwa kukanyaga mchicha.

Twalib alikuja na gari. Hakukuwa na mabishano safari hii, na hilo ndilo lililoniuma. Bi Opereta alitoka hospitali akaingia garini moja kwa moja. Alinipa mkono dirishani akasema, "Ubao wako wa matangazo haukukosea, mwanangu. Usijilaumu. Nyumba ndiyo iliyokuwa tupu."

Mama Eliya na wanawe walihamia kuitunza nyumba. Twalib aliniomba niitoe kamera sebuleni niipeleke barazani, itazame mlango, naye Mama Eliya akakubali. Jina lipo vile vile. Ni huduma ya bure, na kila mwezi huniuliza kama bado nalitaka. Nabonyeza ndiyo.

Nilimwona mara ya mwisho Dar, nilipokwenda kununua vifaa. Anaishi ghorofani kwa Twalib, chumba chenye dirisha linalotazama dirisha la watu wengine. Shikamoo yangu aliiitikia kwa nguvu, lakini mkono ulikuwa mwepesi kama kitambaa. Ruta ya Twalib ilikuwa kwenye rafu, na chini yake palikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma. Chini, si juu. Aliniona natazama.

"Nimejifunza," alisema. Kisha, kama anayeuliza habari ya mtu mgonjwa, "Nyumba inaitika?"

Nikatoa simu, nikaita jina. Likatafuta kidogo, likapata. Baraza ya nyumba ya Nguvumali ikatokea na jua lake la jioni, na Mama Eliya amekaa kwenye kiti kile kile, kilichotolewa nje. Amevua viatu. Kitambaa cha kichwa kimemdondokea begani, nywele zake zina mvi ambazo sikuwahi kuziona. Amelala, mdomo wazi kidogo, miguu ameinyoosha juu ya ndoo.

Bi Opereta alimtazama. Aliisogeza simu karibu, macho yake hayaoni vizuri sasa, na uso wake ulilegea wote. Kisha akaigeuza kifudifudi pajani.

"Umempigia hodi?"

"Hapana, Bi."

"Kata."

Nikakata.

"Sasa mpigie."

Nilipiga. Ililia sana, kisha sauti yenye usingizi ikasema haloo. Nikampa simu. Aliishika kwa mikono miwili.

"Hodi, Mama Eliya."

"Bi? Ni wewe? Karibu! Karibu ndani, karibu!"

Nilingojea aseme shida yake akate.

"Habari za tangu asubuhi?" aliuliza, na akasubiri aambiwe. Kisha akauliza za watoto, na za mchicha, na za maji ya bomba, na kila moja alingoja jibu lake mpaka mwisho. Mimi niliketi kitandani pake, kengele ya baiskeli ikiwa dirishani mbele yangu. Sikuigusa. Nyuma yake hakukuwa na foleni.